Siku 227 si Miaka 80: Namna ya Kusoma Saa za Nyota Zinazolipuka

Tangu mwaka 2024 habari moja ya anga imekuwa ikizunguka magazetini na katika simu za watu, kwamba nyota iitwayo T Coronae Borealis, ambayo kwa kawaida haionekani kwa macho matupu, iko karibu kulipuka na kung'aa sawa na zile nyota tatu za mshipi wa Orioni. Taarifa za mwanzo zilitaja Septemba 2024. Septemba ilipopita kimya, pendekezo jingine lililochapishwa mwaka huohuo likapata wasikilizaji wengi, kwa kuwa lilitaja tarehe kamili: 27 Machi 2025, na kama si hiyo, 10 Novemba 2025, na kama si hiyo, 25 Juni 2026. Tarehe hiyo ya Machi nayo ilipita bila mlipuko wowote. Waliofuatilia walibaki na swali la haki kabisa: tunaambiwa nyota hii hulipuka kila baada ya miaka 80 hivi, tena tunaambiwa mzunguko wake ni siku 227, sasa lipi ndilo lipi?

Yote mawili ni kweli, ila ni saa mbili tofauti zilizomo katika nyota moja. Ile ya siku 227 imepimwa kwa uhakika mkubwa. Ile ya miaka 80 ni makisio yanayotegemea kumbukumbu za milipuko michache mno. Kuchanganya saa hizi ndiko kulikozaa matarajio ya tarehe kamili, na njia nzuri ya kuzitenganisha ni kueleza jinsi mzunguko wa nyota za aina hii unavyopimwa, kwani unapimwa kwa kutazama mwangaza tu, bila mtu yeyote kuona kitu kikizunguka.

Tuanze na maneno. Nyota geugeu ni nyota yoyote ambayo mwangaza wake hubadilika. Miongoni mwao limo kundi ambalo wanaastronomia wamelipa jina la kataklizimu, neno lenye asili ya Kigiriki na maana ya gharika; kwa hiyo humu nitaziita nyota za gharika. Ingawa angani tunaona nukta moja ya nuru, kila nyota ya gharika kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana. Ya kwanza ni kibete cheupe, yaani kiini cha nyota iliyokwisha maisha yake ya kawaida, chenye ukubwa unaokaribia ule wa Dunia lakini uzito unaokaribia ule wa Jua. Ya pili ni nyota ya kawaida zaidi, kubwa kwa umbo, iliyo karibu sana na mwenzake kiasi kwamba gesi yake ya juu inavutwa na kumiminikia upande wa kibete. Gesi hiyo haiangukii kibete moja kwa moja. Huzunguka kwanza na kutandaa kama sahani, kisha ikashuka polepole kuelekea katikati. Muda ambao nyota hizi mbili hutumia kuzungukana mara moja ndio tunaouita muda wa mzunguko.

Ukaribu wao ni wa kustaajabisha. Katika nyota ya gharika iitwayo VW Hydri, umbali kati ya wawili hao ni wa kiwango kilekile cha umbali kati ya Dunia na Mwezi. Mwezi hutumia siku 27 na ushei kuizunguka Dunia, ilhali nyota hizi, kwa sababu ya uzito wake mkubwa, hutumia takriban dakika 107. Mtu anayepanda basi Dar es Salaam kwenda Morogoro atafika wakati zimeshazungukana zaidi ya mara moja. T Coronae Borealis ni tofauti na nyingi za kundi hili, kwa kuwa mwenzi wa kibete chake ni nyota nyekundu iliyovimba sana, hivyo wawili hao wamelazimika kukaa mbalimbali na safari yao moja huchukua siku 227 na nusu.

Hapa yafaa kuondoa hofu ambayo jina lenyewe limeijenga. Mlipuko wa nyota ya gharika si kifo cha nyota. Katika aina moja ya mlipuko, gesi iliyorundikana juu ya kibete kwa miaka mingi huwaka ghafla na kurushwa nje. Katika aina nyingine, sahani ya gesi hujaa kupita kiasi na kuporomoka kuelekea kibete, ikang'aa kwa siku kadhaa. Katika hali zote mbili nyota hubaki mahali pake na mzunguko huendelea. T Coronae Borealis iko umbali wa miaka ya nuru 3,000 hivi, na mlipuko wake utatuletea nuru tu, hautatudhuru kwa lolote.

Swali linalofuata ni la msingi. Ikiwa hata darubini kubwa huona nukta moja tu, tutajuaje kwamba ndani yake wamo wawili, na tutapimaje mwendo wao? Msomaji aliyewahi kukaa ufukweni usiku wa giza, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini, anacho kielelezo tayari. Kutoka nchi kavu huioni ngalawa, humwoni mvuvi, huoni wavu. Unaona nukta moja ya mwanga wa karabai. Lakini mvuvi akipita mbele ya karabai, nukta ile hufifia kwa kitambo kidogo, kisha ikarudi. Kama angekuwa anaizunguka karabai kwa mwendo uleule, ungekaa mchangani na saa yako mkononi, ukaandika kila kufifia, na kabla ya alfajiri ungejua anatumia dakika ngapi kwa kila mzunguko, bila kumwona hata mara moja.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1954, pale Merle Walker wa Marekani alipoitazama DQ Herculis, nyota iliyokuwa imelipuka mwaka 1934. Aliona mwangaza wake ukishuka na kupanda kila baada ya saa 4 na dakika 39. Nyota moja ilikuwa ikiipatwisha nyingine, kama Mwezi unavyolipatwisha Jua. Ugunduzi huo ulifungua njia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Kraft alitoa hoja kwamba huenda nyota zote za aina hii ni za wawiliwawili. Leo hilo ndilo fundisho la kawaida.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Darubini iliyofungwa kamera huelekezwa kwenye nyota na kupiga picha mfululizo, moja baada ya nyingine, kila moja ikichukua nusu dakika au dakika nzima, kwa saa nyingi kadiri usiku unavyoruhusu. Katika kila picha nuru ya nyota husomwa na kulinganishwa na nyota za jirani zinazojulikana kuwa hazibadiliki. Nyota hizo za jirani ni kama mawe ya mizani sokoni: muuzaji hahitaji kujua uzito wa nyanya kwa kuzishika mkononi, anahitaji jiwe la kilo ambalo halidanganyi. Wingu jembamba likipita, litafifiza nyota zote pamoja, na ulinganisho utabaki sawa. Kwa sababu hiyohiyo kumetameta kwa nyota tunakokuona kwa macho si ushahidi wa chochote kilichomo nyotani. Hewa yetu ndiyo inayotikisika.

Namba hizo zikichorwa dhidi ya saa, hupatikana mstari unaopanda na kushuka. Wakati mwingine jibu huonekana hapohapo. Nyota iitwayo Z Chamaeleontis, iliyo kusini kabisa mwa anga, hupatwa kila baada ya dakika 107 na ushei. Kibete chake hujificha kwa muda wa takriban dakika moja tu, hukaa mafichoni dakika 5 hivi, kisha hutokeza tena kwa haraka ileile. Mstari unakatika kama ukingo wa korongo, na hakuna wa kubishana nao. Lakini kupatwa huonekana tu ikiwa tumewekwa usawa wa ubavu wa mzunguko ule. Nyota nyingi za gharika tunazitazama kutoka upande wa juu, na hapo hutegemewa dalili nyingine, kama vile doa jangavu linalotokea pale mmiminiko wa gesi unapoigonga sahani. Doa hilo likigeukia upande wetu mwangaza hupanda kidogo, likigeukia kwingine hushuka. Ni mwinuko mpole uliochanganyika na mitetemo isiyo na mpangilio, na ndipo hesabu inapohitajika.

Njia inayotumika zaidi ni ya kukunja. Chukua jora la kitenge lenye ua linalojirudia. Ukilikunja kwa kipimo kisichofaa, maua hulala ovyo, hili juu ya jani la lile. Ukipata kipimo kilicho sawa na mrudio wa chapa, kila ua hulala juu ya ua, na ukilitazama rundo kwa juu unaliona kama ua moja. Mpimaji hufanya vivyo hivyo na mstari wa mwangaza: kompyuta hujaribu maelfu ya vipimo, ikikata na kupanganisha vipande, hadi ipate kipimo ambacho mabonde yote yanalala juu ya mabonde. Uzuri wa njia hii ni kwamba mitetemo isiyo na mpangilio hufutana yenyewe kwa yenyewe, na kile kinachojirudia ndicho kinachobaki.

Kitenge hichohicho kinaonyesha mtego wa kwanza. Kama chapa ina maua mawili yanayofanana, unaweza kukunja kwa nusu ya mrudio halisi na usigundue. T Coronae Borealis ni mfano kamili. Nyota yake nyekundu imevutwa na kibete hadi ikawa na umbo linaloelekea la yai. Inapozunguka, tunaiona kwa ubavu mara mbili na kwa ncha mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo mwangaza hupanda na kushuka mara mbili ndani ya siku 227. Anayesoma mwangaza peke yake bila kujua umbo hilo atasema mzunguko ni siku 114 hivi. Kilichothibitisha siku 227 na nusu ni kipimo cha pili kinachojitegemea: kuichambua nuru ya nyota na kuona jinsi inavyotujia na kutukimbia kwa zamu.

Mtego wa pili unatokana na jambo lisilo na dawa kwa mtu mmoja: mchana. Wakazi wa mijini wanaoishi kwa mgao wa maji watauelewa upesi. Tuseme unarudi nyumbani saa mbili usiku kila siku, na umeyakuta maji yakitoka Jumatatu na Jumanne. Je, hutoka kila baada ya saa 24, au 12, au 8, au 6? Majibu yote yanaafikiana na ulichokiona, kwa sababu saa nyingine hukuwepo bombani. Mtazamaji wa nyota naye hayupo bombani mchana. Akihesabu VW Hydri kwa usiku michache kutoka mahali pamoja, dakika 107 atazipata, lakini pembeni yake zitasimama dakika 115 na nusu na dakika 99 na nusu, zikimshawishi karibu kwa nguvu ileile, kwa kuwa tofauti kati yao ni mzunguko mmoja zaidi au mmoja pungufu ndani ya saa 24. Dawa ni kuwa na watazamaji waliotawanyika duniani. Alfajiri inapomfukuza mtu wa Dodoma kwenye darubini yake, kwa mwenzake wa Chile ndio kwanza usiku unafika katikati. Ndiyo maana kazi hii, kuliko nyingi katika astronomia, imebebwa na watu wasiolipwa kwayo, wenye darubini ndogo uani mwao. Chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota geugeu, AAVSO, kimekuwa kikikusanya vipimo vya namna hiyo tangu mwaka 1911, na sioni fedheha yoyote katika kusema kwamba wataalamu wa vyuo vikuu wangekwama bila wao.

Mtego wa tatu ndio unaonivutia kuliko yote. VW Hydri hulipuka mara kwa mara, na takriban kila baada ya miezi sita hulipuka mlipuko mkubwa wa wiki mbili hivi, ambapo mwangaza wake huzidi ule wa kawaida zaidi ya mara 100. Katikati ya miaka ya 1970 Nikolaus Vogt, na Brian Warner aliyekuwa Cape Town, walieleza jambo geni: wakati wa mlipuko huo mkubwa mwangaza hupanda na kushuka kwa mpangilio safi kabisa, lakini si kila dakika 107. Ni kila dakika 110 na nusu. Nyota haiwezi kubadili mzunguko wake kwa asilimia 3 ndani ya siku chache, kisha ikarudi ulipokuwa. Basi dakika hizo tatu na nusu za ziada zinatoka wapi?

Wavuvi wa pwani wanalo jibu, ingawa wao hulitumia kwa bahari. Dunia hujigeuza mara moja kwa saa 24, lakini maji kujaa hakurudi saa ileile kesho yake; huchelewa karibu dakika 50. Sababu ni kwamba wakati Dunia inageuka, Mwezi nao umesogea mbele kidogo, kwa hiyo Dunia inapaswa kugeuka zaidi kidogo ili kuufikia. Katika VW Hydri, wakati wa mlipuko mkubwa, sahani ya gesi hutanuka na kupoteza uduara wake, ikawa na upande mmoja mrefu. Upande huo mrefu nao unasogea polepole, ukigeuka kuuzunguka kibete mara moja kwa siku mbili na kitu. Nyota ya pili inapomaliza mzunguko wake wa dakika 107, inakuta upande mrefu wa sahani umesogea mbele, na inahitaji dakika tatu na nusu zaidi kuukuta. Kila inapoukuta huivuta na kuisokota gesi, na mwangaza hupanda. Maelezo haya yalipata nguvu mwaka 1988, wakati Robert Whitehurst alipoonyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba sahani ya gesi inaweza kweli kupoteza uduara na kusogea hivyo. Tangu hapo, mpimaji makini akipata namba wakati wa mlipuko haiiti mzunguko mpaka ajue ni saa ipi ameisoma.

Kuhusu usahihi, watu wengi hudhani kwamba unahitajika mtambo wa ajabu kupima mzunguko hadi sehemu ndogo za sekunde. Unachohitaji zaidi ni subira. Huwezi kupima unene wa karatasi moja kwa rula ya shule, lakini rimu ya karatasi 500 unaweza, kisha ukagawanya. Z Chamaeleontis hukamilisha mizunguko 4,900 hivi kwa mwaka. Ukipima kupatwa kumoja leo na kumoja baada ya miaka 10, kila kimoja kwa kosa la sekunde chache, kosa hilo linagawanywa kwa mizunguko 49,000 na kubaki sehemu ndogo mno ya sekunde. Sharti ni moja tu: usipoteze hesabu ya mizunguko iliyopita katikati. Kosa la sekunde moja katika kipimo cha mwanzo huwa dakika 82 mwisho wa mwaka, karibu mzunguko mzima, na hapo hujui tena kama uko kwenye namba 4,903 au 4,904. Kwa hiyo kazi hujengwa ngazi kwa ngazi: usiku mmoja, kisha wiki, kisha mwezi, kisha mwaka, kila kipimo kikitosha kuvuka pengo linalofuata.

Saa yenyewe nayo ina adabu zake. Dunia inapokuwa upande mmoja wa Jua, nuru ya nyota huweza kutufikia dakika kadhaa mapema kuliko inapokuwa upande wa pili, hadi dakika 16 hivi kwa nyota zilizo kwenye njia ya Jua angani, na lazima tofauti hiyo irekebishwe. Kisha lipo suala la tarehe. Sisi tunaosema usiku wa kuamkia Jumatano tunajua jinsi usiku mmoja unavyoweza kuitwa kwa majina ya siku mbili. Wanaastronomia hukwepa utata huo kwa kuhesabu siku mfululizo, na siku yao huanza adhuhuri ya Greenwich, yaani saa tisa alasiri kwa saa zetu. Uzembe hapa una gharama. Mwaka 2017 ilitabiriwa kwamba nyota mbili zinazozungukana katika kundinyota la Cygnus, kwa jina KIC 9832227, zingegongana na kung'aa mwaka 2022, na dunia ikaisikia habari hiyo. Mwaka 2018 ikagundulika kwamba vipimo vya mwaka 1999 vilivyotumika vilikuwa vimeandikwa kwa kosa la saa 12 kamili. Kosa hilo la uchapaji liliposahihishwa, utabiri wote uliyeyuka.

Faida ya kujipa taabu hii ni kwamba muda wa mzunguko hufichua mambo ambayo darubini haiyafikii. Kwa kuwa nyota ya pili imejaza nafasi yake hadi kumwagika, mzunguko peke yake unatosha kukadiria msongamano wake: kwa VW Hydri ni gramu 30 na ushei kwa kila sentimeta ya ujazo, ilhali wastani wa Jua ni 1.4. Mizunguko ya mamia ya nyota za gharika ikipangwa pamoja, huonekana kwamba chache sana zina mzunguko wa kati ya saa 2 na saa 3, na kwamba nyota za kawaida za kundi hili hazishuki chini ya dakika 80 hivi. Mapengo hayo yanaeleza jinsi nyota hizi zinavyokaribiana na kuzeeka, na yasingejulikana kama watu wasingekesha wakihesabu kufifia kwa nukta.

Turudi sasa kwa T Coronae Borealis na zile tarehe. Milipuko yake miwili iliyorekodiwa vizuri ni ya 12 Mei 1866 na 9 Februari 1946. Iliyotangulia, ya 1217 na 1787, inajulikana kwa kumbukumbu za zamani zenye maelezo haba. Kati ya 1866 na 1946 zilipita siku 29,127, nazo zikigawanywa kwa 227.57 hutoa mizunguko 128 karibu kamili. Hapo ndipo zilipotoka tarehe za 2025 na 2026: mwandishi wa pendekezo lile alichukulia kwamba mlipuko hungoja nyota zifike mahali fulani pa mzunguko. Lakini milipuko miwili inatupa pengo moja tu, na pengo moja linaloangukia namba nzima haliwezi kubeba mzigo huo. Mlipuko huamuliwa na kiasi cha gesi kilichorundikana juu ya kibete, na gesi humiminika kwa kasi inayobadilika. Njia ya nyota hizi ni karibu duara, hivyo hakuna mahali ambapo zinakaribiana kiasi cha kuamua siku. Siku 227 zinaweza kutuambia nyota hizo mbili zimekaaje usiku wowote ujao, lakini haziwezi kutuambia gesi itawaka lini.

Mlipuko utakapotokea, T Coronae Borealis itang'aa kwa macho matupu kwa siku chache tu, kisha itafifia na kuondoka katika habari. Kwa wapimaji ndipo kazi itakapoanza. Mlipuko hurusha gesi nje, na uzito ukipungua mwendo wa wawili hao hubadilika kidogo. Kwa hiyo mwinuko kwa mwinuko, mwaka baada ya mwaka, wataanza kuhesabu upya zile siku 227 na nusu, ili waone zimerefuka au zimefupika, na kwa kiasi gani.